Gari la Kazi na Gari la Macho

Tangu nistaafu ukuu wa shule, swali moja limekuwa likinifuata kutoka kwa wajumbe wa bodi za shule, viongozi wa vyama vya msingi, na hata vijana wanaoanza biashara ya samaki. Huuliza hivi: tukitaka kununua pikapu, tuchukue ile ya kawaida, au tujikaze tuongeze fedha tuchukue ile ya daraja la juu? Huniuliza kwa sababu wanajua kwamba nimeshughulika na magari ya shule kwa miaka mingi. Mimi si fundi, wala sijawahi kufungua injini kwa mikono yangu. Lakini naamini kwamba fundi peke yake hawezi kulijibu swali hili. Lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Magari mawili yanaweza kutoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, yakiwa na injini ile ile na chesesi ile ile. Moja lina viti vya plastiki, sakafu ya mpira, vioo vya kuzungusha kwa mkono, bampa nyeusi na kebini moja. La pili lina viti vya kitambaa, kapeti, vioo vya kubonyeza, kiyoyozi, redio, bampa inayong'aa, na mara nyingi kebini mbili, yaani ile tunayoiita dabo kebini. Kutoka la kwanza hadi la pili kuna ngazi kadhaa, na kila ngazi ina bei yake. Mnunuzi hupanda ngazi hizo akidhani kwamba anaongeza gari. Mara nyingi anachoongeza ni kitu kingine kabisa, na hicho ndicho ninachotaka kukieleza.

Pikapu ilianza bila ngazi. Wakulima wa Marekani walikuwa wakikata sehemu ya nyuma ya magari yao madogo na kufunga sanduku la mbao la kubebea mazao. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ikaona ni heri itengeneze yenyewe gari la namna hiyo, ikaliuza kwa dola 281. Lilikuwa na kiti, usukani na sanduku, basi. Miaka 30 ilipita kabla kampuni ya Chevrolet haijatoa, mwaka 1955, pikapu ya maringo iliyoitwa Cameo Carrier, yenye rangi mbili na ubavu laini kama wa gari la matembezi. Haikuuzwa kwa wingi, na mwaka 1958 ilisimamishwa. Hata hivyo mbegu ilikuwa imekwisha pandwa. Watengenezaji walikuwa wamegundua kwamba mtu anaweza kununua gari la mzigo kwa sababu isiyohusu mzigo.

Waingereza nao walipita njia hiyo hiyo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imemaliza chuma, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa alumini, na rangi yake ya kijani ilitokana na akiba ya rangi za kijeshi iliyobaki. Paa lake lilikuwa turubai. Muda si muda kampuni ikatoa toleo la starehe, lenye bodi iliyoundwa na mafundi wa Tickford na viti vya ngozi. Lakini sheria ya kodi ya Uingereza ililihesabu toleo hilo kuwa gari la matembezi na kulitoza kodi, huku lile la turubai likihesabiwa kuwa chombo cha kazi. Yalitengenezwa chini ya 700, na kufikia mwaka 1951 biashara hiyo ilikuwa imekwisha. Land Rover ya turubai ndiyo iliyoenea duniani, na ndiyo iliyotufikia sisi.

Sasa tuje ziwani. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kuanzia hapo pamba ya Usukumani ilikuwa na njia ya kwenda pwani. Lakini kati ya shamba la mkulima na kinu cha kuchambulia pamba palikuwa na tatizo ambalo reli haikuweza kulitatua, nalo ni udongo wenyewe. Msukuma anaujua udongo wake kwa majina. Juu kwenye miinuko kuna luseni, yaani kichanga chepesi, na chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi mbuga hupasuka mipasuko ya kumeza mguu, na masika hugeuka gundi. Gari lolote lililotaka kufanya kazi Kwimba, Magu au Sengerema lilipaswa kukabili aina zote mbili katika safari moja.

Paul Bomani na wenzake walipowakusanya wakulima wa pamba mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria Federation, jambo moja walilopigania lilikuwa mzani, na la pili lilikuwa usafiri. Mkulima asiye na gari huuza kwa bei ya mwenye gari. Chama hicho kilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima katika Afrika nzima, na baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Nyanza. Nilipokuwa kijana, magari ya ushirika yalikuwa malori ya kubeba marobota na Landrova za mabwana shamba. Sikumbuki hata siku moja kusikia mtu akiuliza kama Landrova hiyo ina kapeti. Ilisifiwa kwa kufika.

Nilisoma chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tulikuwa na mkufunzi aliyetufundisha utengenezaji wa zana za kufundishia, na aliwahi kutuonya dhidi ya picha iliyochorwa kwa uzuri uliopita kiasi. Alisema kwamba wanafunzi wataitazama picha hiyo na kusahau somo, na mwalimu mwenyewe ataiogopa, ataifungia kabatini isichafuke. Wakati huo nilidhani anazungumzia picha tu. Baadaye niligundua kwamba alikuwa amenipa kipimo cha kupimia kila kifaa ambacho umma hununua kwa fedha zake, yakiwemo magari.

Kulikuwa na mtihani mwingine wa magari katika miaka hiyo, nao ulikuwa hadharani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwanzoni magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani. Yalikuwa magari yale yale ambayo mtu wa kawaida angeweza kuyanunua. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda mara tatu mfululizo, mwaka 1966, 1967 na 1968. Mbili kati ya hizo, yaani 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Baada ya hapo Peugeot 404 ya pikapu ilipopita Mwanza haikuhitaji kusifiwa na muuzaji. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na gari lile lilikuwa limejiuza katika tope la Afrika Mashariki mbele ya macho ya watu.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilileta mtazamo mpya juu ya magari ya viongozi. Neno "wabenzi" lilikuwa limekwisha zoeleka, likiwa na maana ya wakubwa waliojitenga na wananchi kwa kutumia Mercedes-Benz. Zingatia, msomaji, kwamba lilikuwa jina la kiwanda. Mwenye Benzi alikuwa mbenzi, iwe Benzi yenye viti vya ngozi au isiyokuwa navyo. Ngazi za daraja moja juu ya jingine zilikuwa bado hazijaingia katika lugha yetu.

Kisha ikaja miaka ya ukosefu. Mafuta yalipanda bei kuanzia mwaka 1973, na kwa muda mrefu ilikuwa marufuku kuendesha gari la binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua magari ya mashirika na ya watu binafsi kubebea askari na chakula, na baadhi hayakurudi. Gari jipya lilipatikana kwa kibali, na mwenye kibali hakuchagua daraja. Alichukua alichopewa na kushukuru. Kizazi chetu kilijifunza katika miaka hiyo kwamba thamani ya gari ni uwezekano wa kulitengeneza. Nimeona Landrova ikitembea kwa springi iliyofungwa kamba ya katani, na kioo cha mlango kikipandishwa kwa koleo kwa sababu mkono wake ulikatika. Ilikwenda, na watoto walipata unga.

Mlango ulifunguliwa katika bajeti ya mwaka 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha. Mtu mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi. Pikapu nyingi zikaanza kuonekana barabarani. Nyingine zilifungwa mabenchi ya mbao na kubeba abiria wakitazamana magoti kwa magoti, zikaitwa chai maharage. Gari lililotamba kuliko mengine lilikuwa Toyota Hilux. Nalo lina kichekesho chake. Hilux ilitolewa Japani mwaka 1968, na jina lenyewe limeunganishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "juu" na "anasa". Tangu mwaka huo wa kwanza Wajapani waliiuza kwa madaraja mawili, la kawaida na la Deluxe. Lakini huku kwetu gari lenye jina la anasa lilipata sifa kwa kubeba mihogo.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziwa lilikuwa limepata dhahabu ya pili baada ya pamba, yaani sangara. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na samaki wetu wakawa wanaruka kwa ndege kwenda Ulaya. Fedha zilimwagika Kirumba, Igombe na visiwani. Hapo ndipo nilipoanza kuyaona magari ya daraja la juu yakinunuliwa na watu wa kazi. Mfanyabiashara wa samaki alipopata faida ya msimu mmoja alinunua pikapu yenye kapeti. Lakini barafu huyeyuka. Maji ya samaki yaliingia chini ya kapeti, kapeti ikakaa na unyevu, bati la sakafu likaliwa na kutu, na harufu haikutoka hata kwa sabuni ya aina gani. Jirani yake mwenye sakafu ya mpira aliingiza gari ukingoni mwa maji, akamwaga ndoo tatu, akaenda zake. Mwaka 1997, na tena mwaka 1999, Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wetu, biashara ikasimama ghafla. Nyakati kama hizo aliyekuwa ameweka faida yake ndani ya bampa zinazong'aa hakuweza kula bampa.

Jambo lililonifundisha zaidi lilitokea mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Mwanza ikawa kituo cha kupitishia misaada, na barabara zetu zikajaa magari meupe ya mashirika ya kimataifa. Nilikuwa na desturi ya kuchungulia ndani yake. Haya yalikuwa mashirika yenye uwezo wa kununua gari lolote duniani. Nilichokiona ni viti vya plastiki, sakafu ya mpira, vioo vya kuzungusha, na injini ya dizeli isiyokuwa na mbwembwe. Toyota Land Cruiser zao nyingi zilikuwa na ile injini ya silinda sita, ya lita 4.2, ambayo fundi yeyote wa Igoma angeweza kuielewa. Pale walipoongeza fedha, waliongeza redio ya mawasiliano, tangi la pili la mafuta, na bomba la kuvutia hewa juu ya paa, ambalo kwetu lilikuja kuitwa mkonga. Kila nyongeza yao ilikuwa imejibu swali la barabara. Sikuona hata moja iliyokuwa imejibu swali la macho.

Na katika miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa barabara, neno jipya lilikuwa likizaliwa. Land Cruiser kubwa za wakubwa zilikuwa na madaraja, na daraja la juu liliandikwa VX nyuma ya gari. Watu wakaanza kusema fulani amepewa VX, fulani bado hajapata VX. Baadaye magari hayo yakaitwa mashangingi, jina ambalo mtaani lilikuwa la wanawake wa makamo wapendao kujipamba na kuponda raha. Hebu linganisha na wabenzi wa zamani. Mwanzoni tuliwataja wakubwa kwa jina la kiwanda, na kizazi kimoja baadaye tukawa tunawataja kwa herufi mbili za daraja. Herufi mbili za muuzaji zilikuwa zimegeuka cheo cha utumishi wa umma.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu mwaka 1995, bodi ya shule ya sekondari niliyokuwa nikiiongoza wilayani Magu ilipokutana kuamua juu ya gari. Fedha zilikuwa za michango ya wazazi na mauzo ya pamba ya shamba la shule, zilizokusanywa kwa miaka minne. Muuzaji mmoja mjini alikuwa ametuonyesha pikapu mbili zilizotumika, za kampuni moja na injini moja, zote za magurudumu manne yanayovuta. Moja ilikuwa tupu, yenye kebini moja na bodi ndefu. Ya pili ilikuwa dabo kebini yenye kila pambo. Tofauti ya bei ingetosha madawati ya vyumba viwili vya madarasa.

Mweka hazina alitetea ile ya pili. Alisema shule hupimwa kwa sura yake, na kwamba wageni kutoka wilayani hawawezi kupandishwa kwenye kiti cha plastiki. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wazazi huleta watoto kwenye shule wanayoiheshimu.

Mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa malori ya ushirika kwa miaka mingi, alisimama akaegemea fimbo yake. "Mkuu," alisema, "hawa wawili ni mapacha. Mmoja kavaa suti, mwenzake kavaa ovaroli. Sisi tunakwenda shamba."

Watu walicheka, na nilidhani mjadala umekwisha. Lakini mama mmoja, mkunga wa zahanati ya kijiji, aliomba nafasi. "Wajumbe wenzangu, nawasikia mnataja magunia tu," alisema. "Mzazi akishikwa na uchungu usiku, au mtoto wa bweni akizidiwa, mtamlaza wapi? Juu ya magunia? Na mvua je?"

Ukumbi ulinyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kumwona mgonjwa akisafirishwa nyuma ya pikapu, mtu ameshika chupa ya maji ya dripu kwa mkono ulioinuliwa, na vumbi likimfunika. Mama yule alikuwa amegusa jambo ambalo hoja ya mzee wa malori haikuligusa. Kebini ya pili haikuwa pambo kwa mgonjwa. Kwake ilikuwa paa.

Hata hivyo dabo kebini ilikuwa na hesabu yake. Bodi yake ina urefu wa mita moja na nusu hivi, wakati bodi ya kebini moja hukaribia mita mbili na robo. Vitanda vya bweni haviingii katika mita moja na nusu. Mabati hutokeza nje. Na naomba radhi kwa kulitaja hili, lakini mkuu wa shule ya bweni hulazimika kulifikiria: jeneza la mtu mzima nalo hutokeza nje, mlango wa nyuma ukiwa umeachwa wazi. Nafasi waliyopewa abiria ilitoka kwa mzigo, kwa kuwa chesesi ilikuwa ile ile. Kwa hiyo aliyechagua daraja alikuwa anaamua, akijua au asijue, nani atakaa na nini kitabaki nyumbani.

Tulinunua ile tupu. Sehemu ya fedha iliyobaki tulifungia fremu ya bomba na turubai zito, mabenchi mawili, godoro lenye ngozi ya plastiki, tairi la akiba la pili, na sanduku la spea. Mkunga alikubali kwa sharti moja, na alitaka liandikwe katika muhtasari wa kikao: kiti cha mbele ni cha mgonjwa, hata kama Mkuu wa Shule yumo safarini. Liliandikwa. Kwa miaka niliyobaki pale nilisafiri mara nyingi nyuma, chini ya turubai, pamoja na baba wa mtoto aliyekuwa mbele na malaria iliyopanda kichwani. Mvua ya Machi hupenya kila turubai. Walimu wangu walirudi kutoka mjini wakiwa wamejaa vumbi hadi kwenye kope, na mwalimu mmoja mjamzito alikataa kabisa kupanda, akasubiri basi, na nilimwona ana haki. Gari la ovaroli lilikuwa na gharama, na walioilipa ni wale waliokaa nyuma.

Lakini angalia upande mwingine. Shule nyingine, ambayo sitaitaja jina, ilinunua pikapu ya daraja la juu wakati ule ule. Kabla mwaka haujaisha, ofisi moja ya wakubwa ilikuwa imeomba kuiazima kwa ajili ya ziara. Kisha ikaazimwa kwa harusi. Kisha kwa mapokezi. Dereva alikatazwa kubeba kuni kwa sababu zingekwaruza rangi, na unga wa shule ukarudi kubebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Hakuna aliyeiiba. Ilipendwa tu, hadi ikawa si ya shule tena. Pikapu yetu haikuazimwa na mkubwa yeyote hata siku moja. Waliitazama mara moja wakaona inanuka dagaa.

Hapo ndipo ninapoliona fundisho lenyewe. Mali ya umma, ikipendeza kupita kazi yake, hutafutiwa kazi ya kupendeza. Ukavu wa gari letu ulikuwa mlinzi ambaye hatukumlipa mshahara. Ulilibakiza mikononi mwa wale ambao pamba yao ndiyo ililolinunua.

Sisemi kwamba kila kinachoongezwa ni upuuzi, maana dunia imebadilika na magari yamebadilika. Mfuko wa hewa unaomkinga dereva kifua, breki zisizofunga magurudumu kwenye utelezi, na mkanda wa usalama kwa kila kiti si mapambo. Kwa miaka mingi watengenezaji waliviweka vitu hivyo katika madaraja ya juu, pamoja na kapeti, kana kwamba uhai ni anasa. Mnunuzi mwenye busara huvitenganisha. Huuliza kama anaweza kupata breki bila bampa ya kung'aa.

Pia kuna mambo mapya yanayoelekea upande wa pili. Injini za dizeli zilizoenea kuanzia miaka ya 2000 hupuliza mafuta kwa msukumo mkubwa sana na kuongozwa na kompyuta. Zina nguvu na hula kidogo, lakini hazivumilii mafuta machafu. Wote tunakumbuka jinsi mafuta ya taa yalivyokuwa yakichanganywa katika dizeli, hadi mwaka 2010 EWURA ikaanza kutia vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo iondoke. Lugha yetu ilibaki na neno "uchakachuaji". Katika miaka ile pikapu ya kizamani ilikohoa, ikatoa moshi, ikaendelea. Ile ya kisasa ilisimama, na nozeli zake zilikuwa na bei ya ng'ombe kadhaa.

Leo kijana wa Mwanza ana hali tofauti na yetu. Lami imefika mahali ambapo sisi tulisukuma magari kwa mabega. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, na foleni ya kusubiri kivuko kwenda Sengerema na Geita imebaki simulizi. Katika barabara za namna hiyo, baadhi ya sababu zetu za zamani zimepungua uzito. Na mizigo midogo ya mjini imechukuliwa na kirikuu, kile kipikapu kidogo cha Kijapani chenye injini ya mililita 660, ambacho hubeba nyanya, makochi na dagaa wa Mwaloni. Sijawahi kuona kirikuu kikiombwa kwa ziara ya mkubwa.

Kwa hiyo wanaoniuliza siwachagulii gari. Nawapa maswali matatu wakayajibu kwanza kikaoni, kwa maandishi. Kila nyongeza tunayoilipia inajibu shida gani ya barabara yetu, ya mzigo wetu au ya uhai wa watu wetu? Ikiharibika, ni nani ndani ya wilaya hii atakayeitengeneza, na kwa spea gani? Na la tatu, ambalo watu hulikwepa: gari hili litatamaniwa na nani asiyehusika, na je, tuna nguvu ya kumkatalia? Bodi inayoweza kujibu hili la tatu kwa ujasiri, na inunue dabo kebini, kwa maana mgonjwa anastahili paa. Isiyoweza, ichukue ile tupu, ifunge turubai zuri, na iandike katika muhtasari ni nani mwenye kiti cha mbele.